Riwaya Nene na Mzazi Mwenye Haraka

Wiki hii, kwenye meza ya vitabu vya mtumba karibu na Soko Kuu la Chifu Kingalu hapa Morogoro, mama mmoja alimnunulia mwanawe wa darasa la sita riwaya ya George R. R. Martin, A Game of Thrones, ya mwaka 1996. Akaipima uzito mkononi, akaomba apunguziwe elfu mbili, akalipa. “Anapenda habari za majoka huyu,” alimwambia muuzaji. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti: humo binti wa miaka 13 anaozwa kwa mbabe wa vita, na mtoto anasukumwa dirishani kwa sababu ya alichokiona. Sisemi majoka yafungiwe. Uluguru ina Kolelo wake, nyoka wa pangoni, na Shaaban Robert aliwageuza ndugu za mhusika wake Adili kuwa manyani wa kuchapwa. Ila bibi akisimulia zimwi hutazama kwanza nani kakaa jikoni, na pa kuruka huruka. Kitabu hakiruki. Februari 2023 Waziri wa Elimu, Profesa Adolf Mkenda, alipiga marufuku vitabu 16 shuleni, akawataka wazazi nao wakague wanachosoma watoto. Hilo la pili ndilo gumu. Mzazi anayeuliza bei bila kufungua hata ukurasa mmoja amemkabidhi muuza mitumba malezi. Soma wewe kwanza. Ukurasa usioweza kumsomea mwanao kwa sauti, bado si wake.