Friza Haiponyi Sampuli

Mwaka 1959, mjini Leopoldville, Kinshasa ya leo, mtu mmoja alitolewa damu kwa ajili ya utafiti usiohusu UKIMWI hata kidogo, maana ugonjwa huo ulikuwa haujajulikana. Plazima yake ikahifadhiwa. Mwaka 1998 watafiti walichapisha katika jarida la Nature kwamba wamekuta humo vinasaba vya VVU. Wanaopenda kuisimulia habari hii huruka jambo moja: vilivyopatikana ni vipande vifupi tu. Vilitosha kuonyesha ukoo wa virusi vile, na hilo ndilo lililoulizwa.

Sampuli basi haiwi nzuri au mbaya hivi hivi. Huwa nzuri kwa kipimo fulani. DNA ni vumilivu, kingamwili nazo hustahimili mengi, lakini RNA huharibika upesi mno. Hata hivyo makala nyingi zinazoletwa kwetu husema damu “ilihifadhiwa katika nyuzi -80” na kuishia hapo, kana kwamba baridi ni cheti cha ubora. Friza hutunza kilichoingizwa ndani yake, pamoja na madhara yaliyokwisha kutokea.

Na madhara mengi hutokea kabla. Damu huchotwa zahanati asubuhi, ikasubiri pikipiki hadi mchana. Muda wote huo chembe zake ziko hai na zinakula: katika joto la kawaida la chumba, glukosi hupungua kwa takriban asilimia 5 hadi 7 kila saa. Mhudumu mwenye nia njema akiitia kwenye jokofu kabla ya kuizungusha, baridi huzima pampu za chembe nyekundu na potasiamu huanza kuvuja. Hapo ndipo hatari ilipo, kwa sababu chembe zikipasuka plazima huwa nyekundu na kila mtu huona. Potasiamu ikivuja kwa baridi, plazima hubaki na manjano yake safi. Jicho halitakuambia kitu. Daftari litakuambia, kama lipo.

Tangu mwaka 2010 kuna msimbo wa kimataifa uitwao SPREC, ambao kwa sampuli za majimaji hubeba vipengele saba, vikiwemo aina ya tyubu, muda wa kusubiri kabla ya kuzungushwa, na namna ya kuhifadhi. Hatumlazimishi mtu kuutumia. Tunachotaka ni saa ya kuchotwa, saa ya kuzungushwa, joto lililokuwepo katikati, na idadi ya mara ambazo kichupa kimeyeyushwa na kugandishwa tena. Umeme ulipokatika, semeni ulikatika.

Tumeambiwa kwamba masharti haya yatazionea maabara ndogo. Sikubaliani. Saa ya ukutani na kalamu kando ya mashine ya kuzungushia damu si mali ya matajiri, na maabara ndogo yenye kumbukumbu kamili tutaipa nafasi mbele ya kubwa isiyo nazo. Waliokwisha kutuma makala za toleo lijalo watapata barua yetu.