Wanariadha wa vyuoni wanapotelea wapi?



Nami natoa maoni yangu katika ukurasa huu wa barua juu ya vijana wanaong'ara katika riadha wakiwa vyuoni, kisha wasisikike tena.

Wasomaji wengi wanajua kuwa Tanzania ina medali mbili tu za Olimpiki, zote za fedha, zilizopatikana Moscow mwaka 1980. Moja ni ya Ndugu Filbert Bayi, mita 3,000 kuruka viunzi na maji. Ya pili ni ya Ndugu Suleiman Nyambui, mita 5,000, nyuma ya Miruts Yifter wa Ethiopia. Jambo lisilotajwa sana ni kwamba Nyambui alikuwa wakati huo mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Texas mjini El Paso, Marekani. Kuanzia 1979 hadi 1982 alikuwa bingwa wa mita 10,000 wa vyuo vikuu vya nchi ile, miaka minne mfululizo, na mwaka 1980 akachukua pia ubingwa wa mbio za nyika. Mwaka 1987 na tena 1988, akiwa na umri wa miaka 34 na 35, akashinda marathoni ya Berlin.

Wapo watakaosema ni kipaji na hewa ya milimani. Kipaji sawa. Lakini Nyambui ni mtu wa Majita, kando ya Ziwa Victoria, na El Paso kwenyewe hakupiti sana mita 1,100 kutoka usawa wa bahari. Mbeya mjini ni mita 1,700, na huku Mufindi tuko juu zaidi. Kama ni hewa peke yake, mabingwa wangejaa Nyanda za Juu Kusini!

Alichokipata El Paso ni kitanda, chakula, kocha Ted Banks, na ratiba. Hasa ratiba. Msimu wa nyika, kisha mbio za ukumbini, kisha za uwanjani, kila mwaka. Mwezi Januari alijua Juni atakimbia nini. Hakungoja kuitwa kambini wiki mbili kabla ya mashindano.

Nilisoma chuo cha ualimu pamoja na kijana mmoja ambaye katika mita 5,000 hakuna aliyemkaribia. Katika michezo ya vyuo alibebwa mabegani. Alipopata cheti akapangiwa shule ya kijijini, na tangu siku hiyo hakuna aliyemwuliza tena habari za mbio. Sasa ana kitambi kunishinda mimi.

Najua nitajibiwa kwamba chuo ni mahali pa kusoma, na tena fedha hakuna. Kuhusu kusoma, Marekani hata bingwa wa dunia nzima hukimbilia chuo. Jade Carey alipata dhahabu ya michezo ya viungo, zoezi la sakafuni, katika Olimpiki ya Tokyo iliyofanyika 2021. Baada ya hapo ndipo akaanza kukishindania Chuo Kikuu cha Jimbo la Oregon, na Paris 2024 akarudi na dhahabu ya timu na shaba ya kuruka. Kuhusu fedha, ni kweli vyombo vya michezo ya viungo ni ghali, nami sishauri tuanze na hiyo. Mbio za nyika zinataka barabara ya vumbi, saa na mtu wa kusimamia. Barabara za vumbi tunazo.

Chuo cha Ualimu Kleruu na Chuo Kikuu Kishiriki cha Mkwawa viko Iringa. Mpuguso na Tukuyu viko Rungwe, na Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia kiko Mbeya. Kutoka Iringa hadi Mbeya ni zaidi ya kilometa 300, safari ya siku moja kwa basi. Nashauri vyuo hivi vikutane kwa mbio za nyika kila mwezi wakati wa masomo, kwa zamu. Kila kimoja kiwasamehe karo wakimbiaji watano tu, wa kike na wa kiume, kwa muda wote wa masomo yao, na kiombe kocha mmoja aliyehitimu Chuo cha Maendeleo ya Michezo Malya. Wizara nayo, inapowapangia kazi walimu wa namna hiyo, iwaweke karibu na mahali wanapoweza kuendelea na mazoezi.

Nawaomba wakuu wa vyuo nilivyovitaja wanijibu kupitia ukurasa huu huu: katika miaka mitano iliyopita wamekuwa na wakimbiaji hodari wangapi, na wangapi kati yao bado wanakimbia?

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Mufindi, Iringa.