Daftari Kando ya Kompyuta



Mwaka jana nilikaa asubuhi nzima nyuma ya kaunta ya duka moja la jumla, Kariakoo. Kompyuta mpya ilikuwa inawaka na mfumo wa mauzo umeshalipiwa, lakini karani alikuwa anaandika kwenye kaunta buku. Nikamuuliza kulikoni. Akaniambia mfumo unajua katoni na unajua kipande kimoja kimoja, ila wateja wake wengi wanataka nusu katoni. Basi mchana kutwa anauza kwa daftari, jioni anahamishia kwenye kompyuta, na hesabu za stoo hazikubaliani hata siku moja. Tajiri wake alikuwa ameongeza pesa mara mbili ili mfumo uboreshwe. Ukarudi na ripoti nyingi zaidi. Nusu katoni bado haikuwamo.

Toleo hili linahusu miradi ya programu za biashara inayokwama, na nimeanzia dukani kwa sababu ugonjwa huohuo umewapata wakubwa. Lidl, kampuni ya Ujerumani yenye maelfu ya maduka Ulaya, ilianza mwaka 2011 kujenga mfumo mpya wa bidhaa kwa programu ya kampuni ya SAP. Lidl ilizoea kuthaminisha mali ya stoo kwa bei ya kununulia. Programu ile kwa kawaida yake hutumia bei ya kuuzia. Kampuni haikutaka kuacha mazoea, programu ikaanza kuchongwa imfuate mteja, na kila palipochongwa pakadai na pengine pachongwe. Mwaka 2018 mradi ulifutwa. Magazeti ya huko yalikadiria kwamba zilishateketea yuro milioni 500 hivi.

Wengi huwalaumu mafundi. Mafundi wabovu wapo, lakini mimi naona kinachoua miradi mingi ni tabia ya kuongeza: mradi ukichelewa tunaongeza watu, ukilalamikiwa tunaongeza vipengele, ukiyumba tunaongeza pesa. Fred Brooks, aliyesimamia kazi ya kuunda kompyuta za System/360 pale IBM, aliandika tangu 1975 kwamba ukiongeza watu kwenye mradi wa programu uliochelewa, unauchelewesha zaidi. Wageni lazima wafundishwe, na wa kuwafundisha ni walewale wachache waliokuwa wanaisukuma kazi.

Kuuokoa mradi huanza kwa kupunguza. FBI, shirika la upelelezi la Marekani, iliutupa mfumo wake wa majalada mwaka 2005, dola milioni 170 zikiwa zimeshatumika. Uliofuata, Sentinel, nao ukasuasua mikononi mwa mkandarasi. Mwaka 2010 FBI iliuchukua yenyewe, ikapanga kupunguza wafanyakazi wa kandarasi kutoka 220 hivi hadi 40, na kazi ikakatwa vipande vya wiki mbili mbili. Kila kipande kikiisha, kitu kinachofanya kazi kilipaswa kuonyeshwa. Julai 2012 mfumo ukaanza kutumika.

Kupunguza kunauma, nakiri. Meneja aliyeitetea bajeti mbele ya bodi anaona aibu kurudi kuomba nusu ya vipengele iachwe. Bodi zetu zimpokee vizuri meneja wa namna hiyo, maana ndiye anayeokoa fedha zao.

Nawe msomaji, kama una mradi uliokwama, usisaini nyongeza ya mkataba kwanza. Nenda stoo, kaa na karani siku nzima, umwombe akufungulie daftari lake.