Tuache kumwambia fundi "Rusha!"
Wasee, fundi akijiundia ndege nyumbani, sisi wa kontenti tunafika na simu tukipiga kelele, "Rusha!" Gabriel Nderitu wa Nyeri alichekwa ndege yake ilipokataa kupaa. Nani alimuuliza kuhusu hewa? Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya bahari. Hewa huku ni nyepesi: injini isiyo na turbo hupoteza zaidi ya asilimia 15 ya nguvu, na mabawa pia hubeba kidogo. Ndege ikikataa kupaa, hiyo ni bahati. Mbaya ni ile inapaa mita kumi, halafu injini inazima. Kwa hivyo kabla urekodi, uliza: imepimwa uzito? Nati zimefungwa waya? Mkaguzi wa KCAA ameiona? Mimi sitaki watazamaji wa matanga.