Aalikwe Kwanza Yule Anayenong'onwa



Mwaka 2021 Papa Fransisko aliweka Siku ya Mababu, Mabibi na Wazee katika Dominika ya nne ya Julai, karibu na sikukuu ya Watakatifu Yoakimu na Anna. Parokia inayowaandalia wazee chakula cha mchana, au safari ya siku moja, tuseme toka Lubumbashi hadi Kapolowe, yafanya vema. Lakini bukari na sombe peke yake havitoshi.

Mitaani mwetu uzee umegeuzwa shitaka. Mtoto akifa, kidole humwelekea mjane aishiye peke yake, naye huitwa mchawi. Basi huyo ndiye aalikwe kwanza. Kijana amfuate mlangoni mchana, majirani wakitazama. Amshike mkono njiani, aketi karibu naye, wale sahani moja. Ushuhuda huo hushinda mahubiri mengi. Kumgawia mzee chakula, kisha kujitenga pembeni na simu, ni huduma nusu.

Safari huisha jioni. Anayemrudisha mama huyo nyumbani ajue jina lake, na kesho apite tena kumsalimu.