Inoksi nayo hupata kutu

Ndugu mfanyakazi, wewe unasema: «Kisu changu cha mfukoni ni cha inoksi, hakiwezi kupata kutu.» Mimi nasema: unajidanganya.

Inoksi ni chuma chenye krome isiyopungua 10,5 kwa mia. Krome hiyo hukivika kisu ngozi nyembamba isiyoonekana. Lakini chumvi na klori huitoboa. Wakati wa Ebola, tangu Agosti 2018 hadi Juni 2020, sisi wa Beni na Butembo tulizoea kunawa maji ya klori milangoni. Yalikuwa ngao ya watu. Lakini kisu kikilala ndani ya javeli, huliwa. Jasho la mfukoni na chumvi ya makayabo hufanya vilevile, polepole.

Wengine hudhani kutu ndiyo inaleta tetanosi. Sivyo. Kijidudu chake hukaa katika udongo na mavi ya wanyama. Hata kisu king'aacho chaweza kukiingiza mwilini. Kinga yake ni chanjo. Hatari ya kutu ni hii: kiungo kinakwama, unalazimisha kwa nguvu, kisu kinajifunga ghafula juu ya vidole.

Basi kila jioni kifungue, kioshe kwa sabuni na maji safi, kikaushe mpaka ndani ya kiungo, halafu tone moja la mafuta hapo. Usikisugue kwa waya wa chuma: mabaki yake huota kutu. Nawe mama, ukiisha kukata makayabo, usikiache kisu ndani ya beseni.

Ni kazi ya dakika mbili. Kisu kingine utakipata sokoni, kidole hakiuzwi.