Bambo Katika Gunia

Mchele wa Kasongo una sifa ya zamani. Waliouleta ni Waungwana wa siku za Tippu Tip, katika karne ya 19, na lugha hii tunayosoma ilifika kwa njia ile ile. Huko pwani walikotoka, mnunuzi wa nafaka hamwagi kila gunia chini apate kulikagua. Anacho chuma chenye ncha na mfereji, kiitwacho bambo. Hukichoma guniani, na akikichomoa, punje chache hubaki mferejini. Huzitazama kiganjani: je, zimevunjika? Zina unyevu? Zina changarawe? Kwa punje hizo aamua habari ya gunia zima, pengine ya shehena nzima.

Mwenye mali aweza kunung'unika: «Wanihukumu kwa kiganja kimoja?» Lakini yako mambo yasiyopimika kwa njia nyingine. Ukitaka kujua kama njiti zote za kiberiti zawaka, ziwashe zote. Utajua hakika, nawe hutakuwa na kiberiti. Kidonge nacho kikisagwa ili kipimwe, hakuna atakayekimeza tena. Basi kiwanda hupima vichache na kuviamini kwa ajili ya vingi.

Kuviamini kwa haki kwategemea vilivyotolewa wapi. Mchuuzi mjanja aweka mchele safi mdomoni mwa gunia na wenye mawe katikati, tena apanga magunia mazuri karibu na mlango. Kwa hiyo bambo liingie juu, ubavuni na chini, na magunia yenyewe yachaguliwe kwa kura, wala si kwa macho ya mnunuzi wala kwa kidole cha mwuzaji.

Tena, ni mangapi? Wengi husema: «Moja katika kumi yatosha.» Haitoshi. Tuseme magunia ni 20, na 2 kati yao ni mabovu. Ukichoma 2 tu, basi mara 80 katika 100 utakuta yote mawili mazuri, uende zako umeridhika. Sasa chukua magunia 1,000, na 100 ni mabovu. Ukichoma 10, wapitwa na ubovu wote karibu mara 35 katika 100; ukichoma 20, karibu mara 12; ukichoma 30, karibu mara 4. Na kama magunia ni 10,000, na mabovu ni 1,000, yale 30 yakupa karibu ulinzi ule ule. Jambo hili huwashangaza hata waliosoma: kinachokulinda zaidi ni hesabu ya ulivyovitoa, si sehemu yake katika rundo.

Hata hivyo hatari hazitoweki. Mkulima aliyeleta mchele mzuri kutoka Kabambare aweza kukataliwa kwa kiganja kimoja cha bahati mbaya. Na mchele mbaya waweza kupokelewa. Huko Marekani, Harold Dodge na Harry Romig, waliofanya kazi katika maabara ya simu ya Bell, walitoa mwaka 1929 utaratibu wa kuzipima hatari hizo: vitolewe vingapi, na vibovu vingapi vitafanya shehena ikataliwe. Nadhani lililo bora katika kazi yao ni hili, kwamba hesabu hukubaliwa kabla gunia halijaguswa. Anayeiweka baada ya kuona, aiweka apendavyo.

Katika mchele, hasara ni jino lililovunjika. Katika dawa ni zaidi. Tangu Desemba 2014 hata Agosti 2015, watu zaidi ya 1,000 katika kaskazini-mashariki ya Kongo walikakamaa misuli ya uso na shingo. Kwanza ilidhaniwa ni homa ya uti wa mgongo. Kumbe walikuwa wamemeza vidonge vilivyoandikwa diazepamu, dawa ya kutuliza, navyo ndani yake vilikuwa na haloperidoli, dawa ya wagonjwa wa akili. Hapo jicho halikusaidia kitu, kwa maana maandishi yalisomeka vema. Bali kidonge kimoja kikipimwa maabarani chafichua kopo zima. Kazi huwa ngumu pale vibaya vinapochanganyika na vizuri.

Ofisi ya Ukaguzi ya Kongo, OCC, iliyoanzishwa mwaka 1974, hukagua ubora wa bidhaa zinazoingia nchini. Lakini ukaguzi wasaidia ikiwa vilivyobaki vyaweza kutafutwa baadaye. Ndiyo sababu kiwanda huchapa kwenye kila boksi neno «Lot» na nambari, ya vidonge vyote vilivyotengenezwa pamoja. Dawa ikikutwa mbaya, kwa nambari hiyo wenzake hutafutwa na kuondolewa madukani. Mama anayenunua vidonge sita vilivyofungwa katika kipande cha karatasi hanayo. Yafaa aombe kuonyeshwa kopo, aiandike katika daftari, na kulitunza daftari hilo hata mtoto apone.